Shina Langu, Tagaa la Kificho

Jumapili, 23 Juni

Siku kubwa! Kubwa kuliko zote, ukiondoa ya harusi yangu, ambayo Mwanawema mke wangu hupenda kunikumbusha kuwa nilichelewa.

Kaja Bi Nadhira, mtaalamu wa ndege, kutoka Chake Chake kwa pikipiki yake mwenyewe, helmeti juu ya mtandio. Anafuatilia ndege wa pwani yetu kipupwe chote. Kasimama chini ya mtondoo wa marehemu baba yangu, katazama juu, kasema Mashallah. Pale juu pana kiota cha furukombe, yule tai mkubwa anayejivulia samaki. Kichwa cheupe, kifua cheupe, tumbo la kahawia, mabawa meusi. Miye ni fundi cherahani hapa Chokocho, na nasema kwa ujuzi wangu wote: rangi zile binadamu hawezi kuzipanga. Nyeupe ya melimeli inashuka mpaka kifuani, kahawia inaipokea, na mshono huuoni. Nimeutafuta sana. Haupo.

Bi Nadhira anasema jike anaatamia. Anasema kiota kinachoonekana wazi namna hii, karibu na nyumba za watu, ni adimu. Kisha akasema jambo lililonidundisha moyo. Kipupwe kikenda zake na kinda akawa karibu kuruka, watakuja watu wa televisheni kurikodi, na watataka kuzungumza na mlezi wa kiota. Mlezi mwenyewe bado hajachaguliwa. Awe mtu wa hapahapa, mwenye subira.

Nilimkatiza palepale kumwambia kuwa hakuna mwenye subira kama miye Mabruki.

Bahati mbaya Kificho naye alikuwapo. Kificho ni jirani yangu; konde lake limepakana na la baba. Kuhusu ndege hajui kitu, labda kuku, tena wa kupikwa. Lakini alikuwa na darubini shingoni. Mwanawe kamletea kutoka Maskati. Anakwenda nayo hata msikitini.


Jumatano, 26 Juni

Mwenye mali huweka alama. Nimeshona bango kwa kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye mapazia ya madrasa, maandishi nimeyadarizi kwa uzi wa dhahabu: KIOTA CHA MABRUKI. KARIBUNI KWA ADABU. Nikalifunga kwenye shina. Lilipendeza mno. Jike alilitazama mara moja tu akageuza shingo. Nadhani alifurahi.

Alasiri nikakuta ubao umening'inia upande wa pili, rangi bado mbichi. KIOTA HIKI KIKO KWA KIFICHO.

Na kweli kiko kwake! Shina liko kwetu, lakini lile tagaa lenye kiota limeinama hadi kuvuka mpaka, limekaa juu ya muhogo wa Kificho. Baba aliupanda mti ule wima kabisa. Umeinama wenyewe, kwa ukaidi.


Ijumaa, 28 Juni

Kesi imesikilizwa baada ya sala. Sheha kaja mwenyewe chini ya mti, na nusu ya msikiti nyuma yake.

Nilitoa hoja kwamba mwenye shina ndiye mwenye mti, na mwenye mti ndiye mwenye kilichomo mtini. Kificho akasema kila kinachoanguka kutoka kiotani kinaanguka kwake, mavi na miiba ya samaki, na muhogo wake umekuwa mweupe kama uliopakwa chokaa. Nikamwambia basi achukue mavi, ndege aniachie miye. Watu wakacheka. Nikajua nimeshinda.

Sheha akatazama juu, akatazama chini. Kisha akahukumu:

"Shina la Mabruki. Tagaa la Kificho. Ndege wa Mwenyezi Mungu. Na hayo mabango yashuke yote mawili, mnamtisha mama wa watu."

Bi Nadhira kapigiwa simu, kakubali. Tutaangalia kiota sote wawili mpaka achague mlezi mwenyewe. Miye na Kificho! Pamoja!

Muda wote wa kesi yule jike hakunyanyuka juu ya yai lake. Watu wazima tunapiga kelele chini, yeye katulia, upepo wa kusi unampeperusha manyoya ya kisogo. Heshima namna ile sijaiona hata mahakamani.


Jumanne, 9 Julai

Nimekata shauri kumshinda Kificho kwa elimu. Yeye ana darubini, miye nina cherahani. Nimeshona vazi la khaki ya kijani, suruali na koti, nikalibandika majani ya kitambaa mwili mzima, na kofia yake. Nikilivaa nikikaa kichakani, ndege hanioni, namsoma kwa karibu. Mwanawema aliniuliza kama nakwenda kuchumbia kwa majini. Nikamwambia elimu haitafutwi na kanzu.

Nilijichomeka kichakani ukingoni mwa mkono wa bahari, maji yakijaa. Na nikaona. Wallahi nikaona!

Dume alikuja chinichini juu ya maji, polepole, kama mtu aliyesahau kitu. Mara akanyoosha miguu mbele. Hakuzama. Hakupiga kishindo. Aligusa tu, kama ninavyogusa kitambaa kwa pasi ya moto, na akainuka na mkizi mzima anayemetameta. Akaenda mpaka kiotani. Jike akarudisha kichwa nyuma mpaka mgongoni akalia, na dume naye akarudisha kichwa akalia, sauti mbili zikapandana, ya dume juu na ya jike chini, na mkoko wote ukanyamaza kuwasikiliza. Nywele zilinisimama chini ya kofia ya majani.

Ndipo nikahisi kitu kikitembea pajani.

Kichaka kile ni makao ya majimoto. Wale chungu wekundu wa kwenye mikarafuu. Walishaingia koti zima, wanasubiri amri. Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nilikuwa mbio, napiga ukelele, majani yanaruka kila upande, na mbele yangu wanawake wanarudi kuokota chaza. Mmoja wao, Bi Kijakazi, alisoma Ayatul Kursi kwa sauti kuu kisha akanitupia kikapu. Mama yule ana shabaha.

Mwanawema, aliyekuwa nyuma yao, aliwatuliza. Aliwaambia si shetani, ni mume wake.

Kificho kaona yote kwa darubini. Anasema aliona hata chungu.


Alhamisi, 18 Julai

Kinda kaanguliwa! Na wa kwanza kumpigia simu Bi Nadhira ni Kificho. Miye nilikuwa nimeinama nasaka sindano iliyoanguka. Sindano! Kwa ajili ya sindano nimekosa historia.

Nilimeza kiburi nikamwomba darubini. Kwanza alitaka niseme tafadhali. Nikasema. Kisha alitaka niseme tafadhali Bwana Kificho. Nikasema hilo pia, lakini nikiwa nimekunja vidole vya miguu.

Nikatazama. Mdomo ule wa jike, ulioinama kama mundu, niliouona ukimpasua kolekole kwa mkupuo mmoja, sasa unachuna kipande kidogo kama uzi uliokatwa meno. Anakishika nchani. Anainamisha kichwa. Anasubiri. Na chini yake kinatokea kitu kama pamba iliyolowa, kichwa hakijakaa sawa shingoni, kinakosa, kinakosa tena, kisha kinapokea. Yeye hana haraka. Anachuna kingine.

Bila shaka nilitazama muda mrefu, kwa sababu Kificho alianza kuvuta ukanda wa darubini na shingo yangu imo ndani.


Jumatatu, 29 Julai

Kesho anakuja Bi Nadhira. Nataka akute furukombe wanajua nani ni nani. Kwa sasa dume huvua zaidi upande wa Kificho. Sababu ni samaki tu, wala si mapenzi.

Basi nimetengeneza chelezo. Vipande vya povu la kuelea nilivyookota pwani, juu yake nimefunga sinia, juu ya sinia nimepanga samaki wabichi, changu. Nimekitia nanga upande wangu. Furukombe atashuka kula, Bi Nadhira atapiga picha, na uso wangu utakuwa nyuma kidogo, kwa unyenyekevu.

Ni kweli Bi Nadhira aliwahi kutuonya tusiwalishe ndege hawa kitu chochote. Ninavyofahamu miye, lile lilikuwa onyo la watu wasio na uzoefu.

Changu ni wa chakula cha kesho. Sinia ni la Mwanawema. Nitamweleza mambo yakishafanikiwa.


Jumanne, 30 Julai

Hayakufanikiwa.

Furukombe dume alipita juu ya sinia, akatupa jicho, akaenda zake. Akavua mkizi wake mwenyewe mbali kule. Hakutaka cha kutupiwa! Nimewashonea suti waheshimiwa kadhaa wasiokuwa na heshima ile.

Waliokuja ni kunguru. Kwanza mmoja. Akaonja, akaita shemeji zake. Walipomaliza changu hawakuondoka. Walipanda mtondoo, wakajipanga kwenye matagaa ya juu, wanachungulia kiotani na kusemezana.

Bi Nadhira kafika, kaona chelezo, kauliza cha nani. Nikasema kimeletwa na maji. Akauliza, pamoja na sinia? Nikasema bahari siku hizi imebadilika. Hakucheka. Akasema kunguru wakishaizoea njia hawaisahau, na kinda yule bado ni laini. Uso wake ulikuwa na wasiwasi hasa, wala hakukubali chai.

Usiku huu tumekula muhogo mtupu. Mwanawema kalisugua sinia mara tatu, kila mara akinitazama. Bora angenigombeza.

Kwa maoni yangu kunguru waliletwa na banda la kuku la Kificho.


Alhamisi, 1 Agosti

Naandika na nguo bado mbichi, mwandiko usamehewe.

Asubuhi ilinyesha mvua ya mchoo, ile nyembamba ya baridi inayokuja na kusi. Nilikuwa kwenye cherahani. Nikasikia jike analia, lakini si kilio cha kuitana. Kilikuwa kikali na kifupi. Nikatoka vilevile, kipimo shingoni, sinia nimelinyakua mlangoni.

Kunguru walikuwa wamejaa mti. Dume hakuwapo, kaenda baharini. Jike kasimama juu ya kinda, mabawa kayafungua nusu kama mwavuli, maji yanamchuruzika mpaka kwenye mkia. Hakumfunika kidogo akajifunika yeye. Kamfunika mtoto tu. Kunguru mmoja anakuja nyuma anamvuta mkia. Akigeuka, mwingine anaingia mbele. Hila ya wezi wa sokoni! Na kila wakirudia wanakaribia zaidi.

Nikapiga sinia. Nikapiga kelele. Nikatupa kandambili moja, ikakwama mtini. Nikatupa ya pili, nayo ikaenda kumfuata mwenziwe. Mara nasikia debe linapigwa pembeni yangu. Kificho, kifua wazi, analia kwa hasira kama mtu aliyevamiwa nyumbani kwake. Darubini hana. Kaisahau ndani.

Jike akashindwa kuvumilia. Akamrukia yule wa mkiani, akamsukuma nje ya kiota, na kwa kufanya hivyo kinda akabaki peke yake ukingoni, kalowa, kafungua mdomo bila ya sauti. Nilimwona kunguru mmoja akishuka moja kwa moja kwake. Nikamwita Mwenyezi Mungu. Sinia likaniponyoka.

Sikumwona dume akija. Hakuna aliyemwona. Alianguka kutoka mawinguni na samaki miguuni, akamwachia samaki angani, na miguu ile mitupu ikampiga kunguru mpigo niliousikia chini nilipo. Manyoya meusi yakatawanyika kwenye mvua. Kunguru akaangukia mkokoni, na wenzake wote wakaondoka kwa pamoja, kimya, kama waliokumbuka kazi nyumbani.

Samaki alimwangukia Kificho begani. Hakutazama chini.

Dume akatua. Jike akarudi juu ya kinda, akamsogeza kwa kidevu mpaka katikati. Kisha wakarudisha vichwa wakalia, mvua inawaingia midomoni.

"Yakhe," Kificho akasema. "Umeona?"

"Nimeona."

Aliniletea kahawa ya tangawizi ndani ya kikombe cha mkewe, tukanywa tumesimama. Uso wangu ulikuwa umelowa. Ni mvua. Wake pia.

Kificho si mtu mbaya moja kwa moja.


Jumamosi, 3 Agosti

Yale ya juzi kuhusu Kificho yahesabiwe kuwa hayakuandikwa. Kamwambia Bi Nadhira kuwa yeye ndiye aliyewafukuza kunguru, na kwamba miye nilikuwa napiga sinia bila ya mpangilio.

Bi Nadhira katupiga marufuku sote wawili kukaribia mti mpaka kinda aote manyoya. Tuangalie kutoka pwani. Chelezo nimekichoma moto. Si kwa sababu yoyote. Kilikuwa kinachukua nafasi.


Jumapili, 25 Agosti

Marufuku ina faida yake. Kwa kuwa nakaa pwani maji yakitoka, nimewajua na wengine. Vitwitwi wameanza kurudi kutoka Ulaya, vidogo hata huamini, wanakimbia mbele ya wimbi wasilowe miguu, kama wanawake waliovaa viatu vipya. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda, hasa sindano ya kushonea magodoro. Anauchomeka topeni, anapapasa, anatoa kaa. Mdiria anakaa juu ya mkoko, buluu yake ni ya kitambaa ambacho nimekitafuta maduka yote ya Chake nikakikosa. Ndege mdogo vile, anavaa kitu ambacho miye siwezi kukipata kwa jora!

Nilimweleza Bi Nadhira yote haya. Akasema nina macho mazuri. Ameyasema mbele ya Kificho.

Kazini mambo si mabaya sana. Leo nilikuwa nakata kanzu ya bwana harusi, furukombe akalia, mkasi ukaenda na sauti. Kanzu imeishia juu ya kifundo, mbali kidogo. Nilimwambia bwana harusi kuwa hiyo ndiyo sunna. Kaondoka amefurahi, ingawa mama yake aligeuka nyuma kila hatua.


Jumapili, 22 Septemba

Wanakuja! Jumatano asubuhi, televisheni, hapa Chokocho. Bi Nadhira atamchagua mlezi siku hiyohiyo, kati ya watakaokuwapo.

Watakaokuwapo. Nimelitafakari neno hilo tangu adhuhuri.

Magharibi nilikwenda kwa Kificho kwa moyo safi. Nikamwambia nimesikia kuwa wamebadilisha, Jumatano watarikodi Chake Chake, studio, na anayetaka achaguliwe awahi mapema. Nikamwambia miye sitakwenda, mgongo unaniuma. Kificho alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru. Alinishukuru sana. Mpaka nikaona haya kidogo, kisha ikapita.

Kinda sasa ni mkubwa kama mama yake, kahawia yenye mabaka, kama vazi lililopigwa bandi tu, bado kushonwa. Anasimama ukingoni anapiga mabawa mpaka vijiti vinaruka. Anainuka kidogo. Anaogopa. Anakaa chini anajifanya hakukusudia.


Jumanne, 24 Septemba

Neema juu ya neema! Bwana mmoja wa Chake kanipigia simu. Harusi kubwa, anataka kanzu na majoho ya ukoo mzima, anataka Mabruki na si fundi mwingine. Nikapime kesho alfajiri karibu na soko. Nilimwambia kesho nina televisheni. Akasema kabla ya saa mbili nitakuwa nimesharudi, pikipiki ataileta yeye.

Sauti yake inafanana na ya mkwe wa Kificho. Lakini sauti nyingi zinafanana.


Jumatano, 25 Septemba

Nilisimama karibu na soko la Chake mpaka jua likawa kali. Bwana wa harusi hakutokea. Simu yake haipatikani. Nikazunguka kwenye kona ya muuza mishkaki nitafute kivuli.

Kwenye kivuli alikuwamo Kificho. Kofia mpya, darubini shingoni, anatazama mlango wa duka lililofungwa.

Tulitazamana.

"Bwana harusi hajafika?" akaniuliza.

"Na studio bado haijafunguliwa?" nikamuuliza.

Kumbe hakuuamini mgongo wangu, alitaka nikwame sokoni nisifike studio. Hakuna aliyelaumu. Hapakuwa na wakati. Tulipata pikipiki moja, tukapanda mshikaki, dereva, miye katikati, Kificho nyuma, darubini inanigonga mgongo kila shimo, na sote wawili tunamwambia dereva aongeze. Njia nzima nilisoma dua. Nilisikia na Kificho anasoma. Bila shaka tulikuwa tunaomba vitu tofauti.

Tulipofika, gari ya televisheni ilikuwa inaondoka. Chini ya mtondoo Mwanawema na Bi Nadhira wamekaa jamvini wanakunywa madafu. Nikatazama juu.

Kiota kitupu.

Mwanawema alikuwa amekwenda kumpelekea Bi Nadhira muhogo wa nazi tu. Hakuwapo mtu mwingine wa kuzungumza naye. Nikamwambia anisimulie. Akasema kuwa kinda alisimama ukingoni asubuhi nzima, na mama yake kakaa mti wa pili, samaki mguuni, hampi. Anamwonesha tu. Kinda analia, mama hatikisiki.

"Nikajisemea, mama gani huyu," Mwanawema akasema. "Kisha nikayaona macho yake. Anataka kumpa kuliko yule anavyotaka kupewa. Basi mtoto kajiachia. Kashuka kama jiwe, Mabruki, nikaziba uso. Nilipofungua, yuko juu ya maji, mabawa yote wazi, kama mtu aliyetandika nguo kubwa juani. Hajui kugeuka. Kaenda moja kwa moja mpaka ng'ambo."

Nikamwambia anisimulie tena. Akasimulia. Kificho, aliyekuwa kasimama nyuma yangu, akaomba mara ya tatu.

Kipupwe kizima nimekingojea kitu kile kimoja. Nilikuwa nimesimama kwa muuza mishkaki.

Mlezi wa kiota ni Mwanawema. Keshachaguliwa, keshapigwa picha.


Jumamosi, 28 Septemba

Jana wametuonesha. Tulitazama kwa Kificho, televisheni yake ni kubwa. Chumba kilijaa mpaka barazani. Mwanawema alitokea na buibui lake la kila siku, akasema yeye si mtaalamu, anapita tu pale kila asubuhi akienda kisimani na huwasalimu. Akasema tangu ndege wale waje, watu wa Chokocho wamejifunza kutazama juu. Nyuma ya bega lake, mbali, kitu cha kahawia kikaruka. Watu wote wakapiga makofi. Bi Kijakazi alipiga kigelegele. Nilimtazama mke wangu kwenye kioo, kisha nikamtazama alivyokaa mkekani, kichwa kainamisha, na nikaona kuwa mwanamke huyu sijamshonea kitu tangu mwaka juzi.

Leo asubuhi nilikwenda peke yangu. Marufuku imekwisha. Kinda alikuwa anarudi kutoka ng'ambo. Alikuja kwa mbwembwe, kanyoosha miguu kama baba yake, akalikosa tagaa. Kabisa! Akaangukia majani ya chini, akaning'inia kichwa chini, akapapatika, akapanda ngazi kwa ngazi kwa mdomo na kucha mpaka juu. Alipofika akarudisha kichwa nyuma alie kama wakubwa. Ikatoka sauti ya mlango mbovu. Baba na mama wakamjibu hata hivyo, kwa sauti kamili, kana kwamba amelia sawasawa.

Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nimeona. Yale ya Jumatano sikuyaona, lakini haya nimeyaona miye, hakuna mwingine.

Nikaapa, palepale, kwa nia safi: hila basi. Na ushindani basi. Ndege ni wa Mungu, sheha alisema kweli.


Jumanne, 8 Oktoba

Kaja mteja kutoka kisiwa cha Fundo kupima suruali. Katika mazungumzo anasema kule kwao pwani wameingia ndege wageni, weupe, mgongo mweusi, mdomo mweusi mnene, wanatembea kwa kundi kubwa kama wanaokwenda harusini, wanakula kaa. Hawajafuatiliwa na mtaalamu yeyote. Hawana mlezi!

Nilimwacha na kipimo kiunoni nikaenda kutafuta begi.

Kesho alfajiri naondoka. Nitapanda gari mpaka Wete, maana chombo cha Fundo kinatokea kule. Bi Nadhira nitamwarifu nikishafika, nikishajulikana. Kile kiapo kilikuwa cha furukombe. Hawa ni ndege wengine kabisa.

Kificho alikuwa barazani wakati mteja anazungumza, lakini alikuwa amesinzia. Hata hivyo, kwa tahadhari, nimekwenda kumwambia kuwa kesho nakwenda Mkoani kununua vifungo. Akaniambia safari njema. Yeye naye kesho hayupo, maskini. Jino linamuuma, na daktari pekee anayemwamini yuko Wete. Anatoka alfajiri.

Alikuwa anafuta vioo vya darubini huku kashika shavu. Nilimwonea huruma kweli. Nimemwombea apone.